Mwaka wa Sikio Chini ya Mota

Shemeji yangu Ufoyuru amekaa kwangu wiki tatu akitibiwa jicho la kushoto. Dada yangu Giramia alibaki Kasenyi, kando ya ziwa, kulinda nyumba, kwa hiyo mgonjwa aliachwa mikononi mwangu, na mgonjwa mwenyewe ni mtu asiyejua kukaa bure. Nilipokwenda kufundisha alinifuata, bandeji usoni, akaketi nyuma ya darasa kati ya mabinti na vijana ninaowafundisha ufundi wa umeme hapa Bunia. Siku ya tatu alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Akawaambia kwamba zamani mwalimu wao alifunga kidude fulani chini ya mota ya mtumbwi, na tangu siku hiyo samaki walikuwa wanakuja wenyewe. Darasa lilicheka, na mimi nilicheka, lakini jioni tukiwa mezani nilimwambia kwamba hadithi yake haina ukweli hata robo. "Basi weye uandike yako," akasema, huku akichota mchuzi. "Mimi niko na jicho moja tu sasa, naonaka nusu." Juzi daktari aliondoa bandeji, na Ufoyuru akasoma kalenda ya ukutani kutoka mlangoni, tarehe zote mpaka mwisho wa mwezi, kwa sauti, kama mtu anayesoma majina ya jamaa zake. Ameondoka leo asubuhi. Nyumba imekuwa kimya, na mimi nimekaa niandike sehemu yangu kabla sijaanza kuiamini ya kwake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Risasi zilikuwa zimenyamaza mjini, kiasi cha watu kuthubutu kununua redio tena, na redio zikinunuliwa zinaharibika, ndiyo maana Papa Lonu aliweza kunichukua kazini. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko kuu, chenye mlango wa bati uliokuwa ukifunguliwa asubuhi na kuegemezwa ukutani ukawa pia ubao wa matangazo. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyoungua kila mahali kwa chuma cha kuchomelea, rafu tatu za redio zilizosubiri wenyewe, pipa la buluu la maji, na harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka ambayo mpaka leo nikiinusa naona njaa, kwa sababu saa saba kamili Mama Lonu aliingia na beseni la bugari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa samaki wadogo wakavu. Tulisogeza vyuma kando, tukanawa kwenye pipa, tukala tukiwa tumesimama. Papa Lonu alikula haraka na kufundisha taratibu. Hakuwahi kunipandishia sauti. Nikikosea alikuwa anavuta kiti, anakaa, anasema, "Mado, tuanze mu mwanzo," na tulianza mwanzo kweli, hata kama mteja alikuwa amesimama pale akiguna.

Kitu alichokijali kuliko vyote kilikuwa usafi wa nyaya. Alikata mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli vipande vyembamba kama tambi, na kila mahali palipopita nyaya mbili au zaidi alizikusanya pamoja na kuzifunga, fundo baada ya kila vidole vinne, mpaka zikawa kama msuko mmoja wa nywele. "Waya ikilegea, mutu ya kwanza kupita ataivuta na muguu," alisema, na hakukosea, maana nyumba nyingi za Bunia wakati ule zilikuwa na batri moja tu sakafuni, na batri hiyo moja ililisha taa, redio, televisheni ya jirani na simu za mtaa mzima. Tulikuwa tunaunganisha juu yake tawi la waya baada ya tawi. Hatukujua namna nyingine, wala hatukuona kasoro. Miezi mitatu ya kwanza sikugusa redio, nilifunga mafundo tu. Mwezi wa nne mteja mmoja kutoka Mongbwalu, aliyeleta redio iliyojaa vumbi jekundu la mgodini, aliangalia kazi yangu akauliza kama ni ya muzee mwenyewe. Papa Lonu aliniacha nijibu. Nilifurahi wiki nzima.

Karakana ilikuwa pia mahali pa kusikia mambo. Watu wakisubiri redio wanaongea kana kwamba fundi hana masikio. Siku moja mama wawili wauza samaki walikaa kwenye benchi la mlangoni, beseni zao tupu miguuni, nami nilikuwa nimeinama chini ya meza nikitafuta parafujo.

"Kule Kasenyi wamekamata tena pirogi mbili," alisema mmoja, akimaanisha mitumbwi. "Wanasema zilivuka."

"Zilivuka wapi? Mu maji hakuna mustari."

"Mustari ni pale unaona bunduki. Ukiona bunduki, ujue umevuka."

"Na nani alikuwa ndani?"

"Onen na watu yake. Na ule bwana ya Giramia, ule murefu. Yeye ni mara ya pili. Wamemurudisha, lakini wamemuambia akipatikana tena hatarudi nyumbani."

Nilikaa chini ya meza muda mrefu kuliko parafujo ilivyohitaji. Murefu huyo alikuwa Ufoyuru, na Giramia ni dada yangu. Ziwa upande wetu lilikuwa limechoka, karibu na ufuko nyavu zilitoka na majani, na wavuvi walisogea mbali mwaka hadi mwaka, mpaka kwenye maji ambako askari wa doria wa ng'ambo waliwasubiri. Kila mtu alilijua hilo. Ila sikujua kwamba shemeji yangu alikuwa amekwisha kuambiwa neno la mwisho.

Wiki mbili baadaye Giramia mwenyewe alishuka kutoka kwenye lori la samaki, mbele ya karakana, na makasha mawili ya mbao. Mgeni mmoja aliyekuwa akipima vina vya ziwa alikuwa amemaliza kazi yake na kuacha vifaa kwa wavuvi wa Kasenyi: mota ndogo ya umeme isiyotumia mafuta, yenye mpini juu, mti mrefu wa chuma katikati na tumbo lenye panga chini, paneli mbili za jua na batri kubwa, na kioo kidogo kama televisheni ya mfukoni, kikiwa na waya mrefu uliomalizikia kwenye kidude cheusi ukubwa wa sabuni iliyotumika. Vifungo vya kukishikilia kidude hicho vilikuwa vimepotea, na karatasi ya maelezo ilikuwa imeliwa na mchwa. Giramia hakukaa. Alikunywa maji akiwa amesimama, akamwambia Papa Lonu mambo yote kwa mkupuo mmoja.

"Papa, hii kitu inaonaka samaki chini ya maji. Ufoyuru amesema hivi: ikimuonyesha samaki hapa karibu na mangambo, ataachana na maji ya mbali. Isipomuonyesha, anarudi na Onen. Onen anatoka lundi ya wiki ijayo. Mimi nimemuomba, nimelia, usiku mi silali, amechoka na machozi yangu. Sasa naomba mashine."

Mangambo kwa watu wa kule ni ufuko, na lundi ni Jumatatu. Papa Lonu alifuta mikono, akachukua kile kidude cheusi, akakigeuza kwenye mwanga. "Mama, sijawahi kuona hii," alisema. "Lakini mutu aliifanya, na mutu anaweza kuielewa. Tupe siku tatu."

Siku tatu hizo nilijifunza mengi kuliko miezi iliyotangulia, na wanafunzi wangu wanajua kwamba nikianza kulieleza jambo hili sinyamazi upesi. Kidude kile hakioni. Kinapiga sauti ndogo kwenda chini, sauti tusiyoweza kuisikia, kisha kinasikiliza na kusubiri irudi. Ikirudi upesi, chini ni karibu. Ikichelewa, ni mbali. Na ikirudi kabla ya kufika chini, kuna kitu katikati. Papa Lonu alipolielewa hilo, baada ya kukitia kwenye ndoo na kukitoa mara nyingi, alikiita sikio, nasi hatukukiita jina lingine tena. Sikio lazima likae ndani ya maji muda wote, uso wake ukitazama chini kabisa, bila kitu mbele yake, bila mapovu. Ndiyo maana mahali pazuri ni chini ya tumbo la mota yenyewe, maana tumbo haliinuki kutoka majini hata wimbi likija, na pale mtumbwi unapoelekea sikio linaelekea pia. Tulikosa kifungo chake, tukatumia ukanda wa chuma wa kubania bomba la radieta ya lori, ule unaokazwa kwa parafujo moja, ambao mafundi wa magari wanauita kolye. Tulizungusha kolye kwenye tumbo la mota, tukaweka kipande cha mpira kati ya chuma na waya ili usikatike, tukakaza kidogo, tukaangalia, tukakaza tena. Kisha waya ukapanda kwenye mti wa mota, na hapo juu tukauachia kitanzi kilegevu, kwa sababu mota inageuka kulia na kushoto, na waya uliokazwa sana hukatika siku ya kwanza mwenye mtumbwi anapokata kona.

Kutoka hapo mpaka kwenye batri kulikuwa na urefu wa mikono miwili ya mtu mzima. Nyaya nene za mota zilipita hapo, na waya mwembamba wa sikio, na waya wa kioo. Kazi hiyo niliachiwa mimi. Nilizikusanya zote nne, nikazifunga kwa mipira, fundo kila vidole vinne, na kuunganisha mota na kioo kwenye batri moja, kama nilivyofundishwa. Ulikuwa msuko mzuri kuliko wowote niliowahi kufunga. Papa Lonu alipitisha kidole gumba juu yake toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hii hata mi singefanya hivi." Tulijaribu mota ndani ya pipa, ikarusha maji mpaka kwenye redio za watu, tukaizima haraka. Tukajaribu kioo peke yake, kikawaka, kikaonyesha chini ya pipa. Hatukuviwasha vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu Mama Lonu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa, akikausha redio moja moja na kutuangalia.

Jumamosi nilishuka Kasenyi na lori, mota ikiwa imelala mapajani mwangu njia nzima. Papa Lonu alibaki na wateja wake. Nyumba ya Giramia ilikuwa vyumba viwili vya udongo, na mlango wake ulitazama ziwa, kwa hiyo ukikaa pale kula unakula ukiangalia maji. Walinipa samaki mbichi aliyechemshwa na nyanya, na Ufoyuru hakumaliza sahani yake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini wakati ule, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kamba, mpole, lakini mpole kwa namna ya mtu aliyekwisha kuamua. Aliuliza swali moja tu: "Shemeki, hii kitu inasemaka kweli?" Nikamwambia inasema kweli.

Tulifunga mota nyuma ya mtumbwi, watu wakajaa ufukoni. Onen alikuwepo, yule kiongozi wa wanaokwenda mbali, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya sufu hata juani. Ufoyuru alishika mpini, mimi nikashika kioo, tukaenda bila kelele yoyote, jambo ambalo lilichekesha watu kwanza, maana walizoea mota zinazonguruma. Tulikuwa hatujafika mbali kioo kilipojaa samaki. Walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, juu, katikati, chini, wakipishana. Niliinua kioo juu nikakigeuzia ufukoni, na sitasahau namna Giramia alivyoweka mikono yote miwili kichwani. Ufoyuru alitupa wavu. Ukatoka na majani na chupa moja ya plastiki. Tukasogea, samaki wakajaa tena, akatupa tena. Hakuna. Mara ya tatu alipata samaki mmoja mwenye urefu wa kidole, akamtazama, akamrudisha majini.

Tulipofika ufukoni Onen alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi wake. "Ufoyuru, samaki za fundi ya Bunia ziko za kula na macho," alisema. "Leo utaambia watoto waangalie kioo, washibe."

"Waangalie pamoja na weye," Ufoyuru akajibu, "maana tumbo yako inahitaji sinema mbili." Watu walicheka, naye alicheka, lakini alipopita karibu nami alisema polepole, bila hasira, "Lundi nitaenda, shemeki. Usijisikie mubaya. Ulijaribu." Ningependa angenikasirikia. Giramia aliingia ndani akaanza kukunja nguo ya mumewe ya baridi, ile anayovaa kwenye maji ya mbali, na kuiweka juu ya kiti.

Nilirudi kwenye mtumbwi peke yangu, jua likiwa bado juu. Nimefundisha watu wengi tangu mwaka ule, na ninachowaambia wakikwama ndicho nilichofanya pale kwa kukosa lingine la kufanya: zima kila kitu, kisha washa kimoja kimoja. Niliusukuma mtumbwi mpaka maji ya kiunoni na kidogo zaidi, nikawasha kioo. Mstari wa chini ulionekana, safi, hakuna samaki hata mmoja. Nikawasha mota taratibu. Samaki. Nikazima mota, samaki wakatoweka mara moja, wote, kama watu waliosikia polisi. Nikawasha, wakarudi. Nilifanya hivyo labda mara kumi, na nilianza kucheka peke yangu majini, kisha nikaacha kucheka. Hakukuwa na samaki kabisa. Mashine ile ilikuwa na tabia ya kuchora samaki kila iliposikia kitu ambacho si chini ya ziwa, na kilichokuwa kikisikika ni mota yenyewe. Umeme wa mota ukipita kwenye waya mnene hautulii, unatetemeka, na mtetemo huo unarukia waya ulio jirani. Nami nilikuwa nimeufunga waya wa sikio kwenye ubavu wa nyaya za mota kwa urefu wote, fundo kila vidole vinne, na kunywesha mota na kioo kwenye batri moja. Kama ningekuwa mvivu, kama ningeacha nyaya zikilala ovyo kama za mafundi wabaya, huenda Ufoyuru angeona ukweli siku ile ile.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya kanisa. Nilipanda nikampigia Papa Lonu. Nilimweleza yote, nikangoja. Nyuma yake nilisikia redio ya mtu na sauti ya Mama Lonu akiuliza kama nimekula. Sikutaka kukata msuko ule kabla ya kumwambia, na nadhani alilijua hilo.

"Mado," alisema mwishowe, "ile kufunga pamoja nilikufundisha mimi. Nilifundishwaka hivyo na mimi. Ni ya nyumba, haiko ya hii kitu. Kata." Kisha akaongeza, "Na kioo itafutie batri yake, hata kidogo. Isikule sahani moja na mota."

Batri ndogo iliyokuwepo karibu ilikuwa ya Giramia, batri ya pikipiki iliyomwashia taa na redio. Niliiomba. Aliichomoa mwenyewe, akanipa bila kuuliza ni ya nini, na jioni ile tulikula kwa mwanga wa moto. Jumapili baada ya misa nilikata mafundo yote kwa kisu cha samaki. Nilipitisha nyaya za mota ubavu wa kulia wa mtumbwi na waya wa sikio ubavu wa kushoto, mbali kadiri mtumbwi ulivyoruhusu. Niligundua na kosa la pili. Karakanani mota ilikuwa imening'inia wima, lakini nyuma ya mtumbwi pamelala kidogo, kwa hiyo sikio lilikuwa linatazama nyuma, upande wa panga na mapovu. Nilijaza chupa maji nusu nikaifunga kwenye mti wa mota, nikatazama maji ya chupa yanavyolala, nikalegeza kolye na kugeuza sikio mpaka likatazama chini sawasawa, nikakaza. Ufoyuru alikuwa amesimama karibu, mikono mfukoni, akiwa na nguo za misa. Nilimwomba saa moja tu. Alivua viatu.

Tuliondoka. Mota ikazunguka, na kioo kikabaki kitupu. Mstari mmoja chini, basi. Ufoyuru aliinama akakiangalia, akaniangalia mimi. "Jana zilikuwa mingi, leo hakuna hata moja," alisema. "Jana ilikuwa muzuri."

"Jana ilikuwa uongo," nilimwambia. "Leo inasikia. Twende polepole."

Ni vigumu kumfundisha mtu kuamini kioo kitupu. Tulikwenda sambamba na ufuko, mimi nikimsomea kina kama mtu anayesoma rozari: mita tatu, tatu, tatu na nusu, tatu. Halafu mstari ukashuka. Mita tano, saba, tisa, kisha ukapanda tena. Tuligeuza, tukapita tena, ukashuka tena mahali pale pale. Chini ya maji kulikuwa na mtaro, pengine njia ya kijito cha kale, umbali ambao ungeweza kumwita mtu aliyeko ufukoni akakusikia. Wavuvi wa Kasenyi walikuwa wamepita juu yake maisha yao yote wakienda mbali. Na ndani ya mtaro kioo kilichora alama chache, tano au sita, zilizopinda kama kucha, na nilipozima mota hazikutoweka. Nilimwonyesha hilo: nikazima, nikawasha, nikazima. Alama zilibaki. Ufoyuru aliacha kunitazama akaanza kuandaa wavu, na mikono yake ilikuwa na haraka ambayo jana haikuwa nayo.

Tulitoa makapiteni wanne, yaani sangara. Mmoja alikuwa wa kushikwa kwa mikono miwili, watatu wa kawaida. Haikuwa miujiza. Onen siku njema alileta zaidi ya hao mara kumi. Ufoyuru aliwapanga kwenye mchanga, akawatazama kwa muda, akiwahesabu nadhani dhidi ya maji ya mbali, dhidi ya neno aliloambiwa kule, dhidi ya nguo ya baridi iliyokuwa juu ya kiti. Onen alikuja na kofia yake. "Kesho mapema," alimwambia. "Nafasi yako iko."

"Muwekee mutu mwingine," Ufoyuru alisema. "Mi naangalia hapa kwanza."

"Umekuwa muvuvi ya televizyo?"

"Ndiyo. Na jioni nalala kwangu."

Jumatatu Onen alikwenda, akarudi Jumatano na samaki wengi na matani mengi zaidi, na wiki iliyofuata vile vile. Nasema hivi kwa sababu Ufoyuru huwa analiacha. Wiki mbili nzima alionekana mjinga. Alitoa samaki watatu, wanne, siku moja hakutoa hata mmoja, na mimi nilibaki pale Kasenyi kwa ruhusa ya Papa Lonu, nikikaza kolye iliyolegea, nikimfundisha shemeji kusoma alama, na kuamka kila asubuhi nikidhani leo atachoka. Taratibu alijua mtaro wote, akajua unapopinda, akajua saa ambazo samaki wanaingia. Akaanza kutegemea kioo kidogo na kichwa chake zaidi, nami nikaona kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, nilikuwa nimekaa mlangoni na Giramia, tunachambua mchele kwenye ungo. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mwanamke mmoja alipita akikimbia, wa pili akasimama kutuambia: mtumbwi wa Onen ulikuwa umekamatwa jana kwenye maji ya mbali, watu wote sita, wamepelekwa ng'ambo. Wako hai, alisema, mtu wa mtumbwi mwingine aliwaona wakishushwa. Baadaye walirudi, nashukuru kulisema hilo, mmoja mmoja, miezi mingi ikiwa imepita, na Onen alirudi amekonda, bila kofia. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua kama watarudi. Yule mwanamke alitaja majina yao, na kila jina aliloliita, Giramia alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Majina yalikuwa sita. Alipomaliza, akaendelea na njia yake kupeleka habari nyumba nyingine.

Giramia aliweka ungo chini. Aliinua macho, nami nikainua yangu. Mtumbwi wa Ufoyuru ulikuwa pale juu ya mtaro, karibu kiasi cha kuona mgongo wake umeinama na mkono wake ukiuvuta wavu, ukitulia, ukiuvuta tena. Hakuwa amesikia bado. Dada yangu alimtazama kwa muda ambao siwezi kuupima. Nilidhani atalia, au atapiga magoti, nikajiandaa kumshika.

"Mado," alisema, "umalize weye huo mchele. Mi naenda kulala."

"Saa nne hii?"

"Ndiyo."

Aliingia ndani, akajinyoosha juu ya mkeka bila kuvua kitambaa cha kichwa, na kabla sijamaliza kiganja kimoja cha mchele nilisikia pumzi yake ikivutika ndefu, nzito, ya mtu aliyelala kweli. Alilala mpaka mchana. Wanawake walipita wakiongea kwa sauti, kuku waliingia na kutoka, Ufoyuru mwenyewe alikuja akasimama mlangoni na samaki mkononi, akaniuliza kwa ishara kuna nini. Nilimwekea kidole mdomoni. Alivua viatu, akaketi karibu nami kwenye kizingiti, tukachambua mchele sote wawili, kimya, tukimwacha alale.